Kupe mwenye kasoro ya maumbile: namna ya kumtambua na kumhifadhi ukiwa Dar es Salaam

"Kaka, nimepata kupe wa miguu sita. Hii si kasoro?"

Swali hilo limeshanifikia kutoka Chanika, Kigamboni na Bunju, na wiki iliyopita limeletwa na binti anayesomea afya ya mifugo, kupe mwenyewe kamweka ndani ya kiberiti. Jibu langu halibadiliki: huyo ni mchanga, na hana tatizo lolote. Kupe akianguliwa huitwa lava, na lava ana miguu sita. Akinyonya damu na kujivua gamba anakuwa nimfu mwenye miguu minane. Akinyonya tena na kujivua mara ya pili, kupe mgumu (yule mwenye ngao, kile kibao kigumu cha mgongoni) anakuwa mpevu, dume au jike.

Baada ya miguu sita huja kupe mwenye mkia, kupe asiye na mdomo, kupe mwenye vichwa viwili. Karibu wote ni wazima. Wakati huohuo kasoro za kweli zinatupita, kwa sababu kupe wa kawaida ndiye anayepigiwa kelele na yule wa ajabu anapondwa kwa kisigino kabla hajatazamwa tumboni. Nataka ufikie mahali ambapo ukisema "huyu ana kasoro", mtu wa maabara akiweka kupe wako chini ya hadubini asipate pa kukupinga.

Mwongozo huu ni wa kupe wa porini, na kwa porini simaanishi msituni tu. Ni kupe yeyote ambaye hakufugwa maabara: wa nyasi za Mabwepande, wa mbwa wa Sinza, wa ng'ombe aliyeshushwa mnadani Pugu.

Nadharia, kidogo tu

Kasoro nyingi huanzia kwenye yai au wakati wa kujivua gamba. Mayai yakipigwa na joto kali au ukavu, kiinitete huweza kukua vibaya. Hilo limeonekana katika majaribio ya maabara. Lava au nimfu akikatika mguu, mguu huweza kuota upya anapojivua, mara nyingi ukiwa mdogo au umepinda. Kupe mgumu aliyekwisha kupevuka hajivui tena, kwa hiyo akikatika amekatika. Watafiti wametaja pia dawa za kuogeshea, mionzi na kuzaana ndugu kwa ndugu. Kwa kupe mmoja uliyemwokota Kisarawe huwezi kujua ni kipi kilichomfika. Usiandike sababu kwenye daftari lako. Andika ulichokiona.

Vitu vya kuandaa

- Flana nyeupe ya mita moja kwa mita moja, iliyoshonewa fito mbele na kamba ya kuvutia. Shuka jepesi la pamba linateleza juu ya nyasi. Kupe wanataka kitambaa chenye manyoya.
- Kibano chenye ncha nyembamba, na brashi ndogo ya rangi ya maji.
- Vichupa vidogo vyenye kifuniko cha kuzungusha, angalau thelathini. Vya plastiki vinatosha.
- Ethanoli ya asilimia 70. Ukipata ya asilimia 95, chukua mililita 74 na ongeza maji safi hadi ifike mililita 100. Spiriti ya zambarau ya duka la dawa inatia rangi ngao ya kupe, iache. Wengi wananiuliza kuhusu Konyagi: ina asilimia 35 tu, kupe ataoza polepole humohumo. Formalini nayo inamkakamaza kupe na kuharibu DNA.
- Penseli ya risasi na karatasi ngumu ya lebo.
- Lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, kama zile za mafundi saa. Hii ni ya kuchambulia shambani. Ili kuthibitisha kasoro unahitaji hadubini ya kutazama vitu vizima, ya kukuza mara 10 hadi 40. Hadubini ndogo ya USB inayochomekwa kwenye kompyuta inafaa kwa kupe wapevu. Kwa lava haitoshi.
- Karatasi ya grafu ya milimita, sahani nyeupe, maji ya moto kwenye chupa ya chai, sabuni ya kuoshea vyombo.
- Mabuti ya mpira, soksi nyeupe ndefu, glavu.
- Daftari ambalo ni la kupe peke yake.

Hatua ya 1: Chagua mahali, uombe ruhusa

Kwa anayeanza, mbwa ndiye mwalimu bora. Kupe wa kahawia wa mbwa, *Rhipicephalus sanguineus*, anaweza kumaliza maisha yake yote bandani na kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo utapata lava, nimfu, dume na jike mahali pamoja. Kagua banda moja la mbwa asiyeogeshwa dawa na utajifunza umbo la kawaida ndani ya siku mbili. Usiruke darasa hili. Asiyemjua kupe mzima hawezi kumwona mwenye kasoro.

Kwa mfugaji, anza na salamu na ueleze shida yako: "Shikamoo mzee, naomba nimkague ng'ombe wako kupe, sitamchoma wala kumkata." Muulize ameogesha lini na kwa dawa gani, uandike. Mnadani na machinjioni, mwone kwanza daktari wa mifugo wa pale. Hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi iko chini ya TFS, wakala wa misitu, na Pori la Akiba Pande liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Huingii na kitambaa chako bila kibali chao.

Hatua ya 2: Jikinge

Ingiza suruali ndani ya soksi nyeupe, soksi ndani ya buti. Kupe hupanda kutoka chini, na kwenye nyeupe utamwona mapema. Usimponde kupe kwa kucha: baadhi ya kupe wa kwetu hubeba vimelea vya homa kwa binadamu.

Hatua ya 3: Kusanya

Nyasini, subiri umande ukauke, kama saa mbili na nusu asubuhi. Kitambaa kilicholowa hakishiki kupe. Buruta polepole, simama kila baada ya mita kumi, geuza kitambaa, toa kupe kwa kibano. Kila mita kumi ni mvuto mmoja, na mivuto kumi ni mita za mraba mia moja. Andika umevuta mara ngapi. Wapevu wengi hutoka mvua zinapoanza, kwa hiyo siku za masika na vuli zina mavuno mazuri kuliko Agosti.

Jua pia kwamba kitambaa hakikamati kila aina. *Amblyomma variegatum*, yule mkubwa mwenye ngao ya rangi ya chungwa, hufuata harufu ya mnyama kwa miguu yake mwenyewe. Mpevu wa aina hiyo utampata zaidi kwenye ng'ombe, sehemu za kiwele, korodani na kidari. Kupe wa kahawia wa masikio, *Rhipicephalus appendiculatus*, anayeeneza ugonjwa wa ndigana kali kwa ng'ombe, yuko ndani ya sikio kama jina lake linavyosema. *Rhipicephalus evertsi* mpevu mtafute chini ya mkia.

Kwenye mnyama, shika kupe karibu kabisa na ngozi na uvute moja kwa moja, taratibu, bila kuzungusha. Usipake mafuta ya taa, usichome kwa sigara. Hapa ndipo "kupe asiye na mdomo" wanapozaliwa: mtu amevuta kwa pupa, mdomo umebaki kwenye ngozi, kisha anakuja na habari ya ugunduzi.

Chukua kupe wote unaowaona. Usichague wa ajabu peke yao. Nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya 9.

Hatua ya 4: Ua, hifadhi, andika lebo papo hapo

Kupe aliyetupwa akiwa hai kwenye ethanoli hukunja miguu yote chini ya tumbo, na kuhesabu inakuwa taabu. Mimina kwanza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye sahani na umtumbukize kwa sekunde chache. Atanyoosha miguu. Ndipo umhamishie kwenye kichupa.

Kichupa kimoja kwa mnyama mmoja au mvuto mmoja. Ndani yake, si nje peke yake, weka lebo ya penseli: tarehe, mahali (kata na mtaa, na namba za GPS za simu), mnyama au nyasi, jina la mkusanyaji.

Nasisitiza penseli. Nilikuwa na jike la *Amblyomma* lililokosa mguu wa nne wa kulia tangu kwenye shina, kasoro safi kabisa, na lebo nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino. Ethanoli iliyeyusha wino, nikabaki na kipande cheupe cha karatasi. Kupe yupo mpaka leo, ila siwezi kusema alitoka wapi wala lini, na inaniuma kila nikimwona.

Onyo la mnadani: ng'ombe wengi wa Pugu wamesafirishwa kutoka mikoa ya mbali. Jike mpevu hung'ang'ania ngozi kwa siku nyingi, mara nyingi wiki nzima au zaidi. Uliyemtoa Pugu leo huenda alimpanda ng'ombe hukohuko ng'ombe alikotoka. Tazama kibali cha kusafirishia mifugo na uandike sehemu mbili: alipopatikana kupe, na alipotoka mnyama.

Hatua ya 5: Safisha

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, brashi laini. Sugua mgongoni, geuza, sugua kati ya miguu. Nimeona "uvimbe wa ajabu" mwingi ukiondoka na maji. Ulikuwa damu iliyoganda na manyoya ya mbwa. Mwache akauke dakika moja kabla ya kumtazama, maana umajimaji unang'aa na kuficha mistari ya ngao.

Hatua ya 6: Jua ni hatua gani ya maisha na ni jinsia gani

Miguu sita: lava. Miguu minane bila tundu la uzazi tumboni: nimfu. Miguu minane na tundu la uzazi katikati ya koksa za mbele: mpevu. Koksa ni ile pingili ya kwanza kabisa ya mguu, iliyoshikana na mwili. Litie akilini neno hili, tutalihitaji sana.

Kwa wapevu wa kupe wagumu, dume ana ngao inayofunika mgongo wote. Jike ana ngao ndogo mbele tu, na nyuma yake ngozi inayotanuka akishiba. Jike pia ana madoa mawili yenye vitundu vidogovidogo juu ya kitako cha kichwa, yaani sehemu ya nyuma ya kichwa inayoungana na mwili. Dume hana. Dume wa *Rhipicephalus* ana vibao vigumu pembeni mwa tundu la haja.

Papasi, wale kupe laini wa mabanda ya kuku na nyufa za nyumba za udongo, hawana ngao na kichwa chao kimefichwa chini. Papasi mpevu akitazamwa juu huonekana kama hana kichwa. Mgeuze.

Hatua ya 7: Kagua kwa mpangilio uleule kila mara

Hii ndiyo kazi yenyewe. Macho hupenda kukimbilia mguu uliopinda na kuacha mengine, kwa hiyo fuata njia moja, kupe baada ya kupe:

1. Mgongo, kichwa kikiwa juu. Gawanya kupe kwa mstari wa katikati kichwani mwako. Je, kushoto na kulia vinalingana?
2. Kichwa: palpi mbili, yaani vipapasio vya pembeni mwa mdomo, urefu sawa? Kitako cha kichwa kina umbo la aina yake? Kwa *Rhipicephalus* ni pembe sita.
3. Ngao: ukingo wake, mistari, macho mawili pembeni kama aina hiyo ina macho.
4. Marinda, yale mafundo madogo kwenye ukingo wa nyuma. *Rhipicephalus* wengi na *Amblyomma* wana kumi na moja. Hesabu. Kupe wa bluu, *Rhipicephalus decoloratus*, na ndugu yake *Rhipicephalus microplus* hawana marinda kabisa, usiwaonee.
5. Geuza tumbo. Koksa nne kila upande, kuanzia mbele. Gusa kila moja kwa ncha ya brashi ukihesabu.
6. Fuata kila mguu kutoka koksa hadi kucha. Pingili sita. Je, kuna mbili zilizoungana? Kuna mguu uliogawanyika ncha?
7. Tundu la uzazi, tundu la haja, mfereji unaolizunguka.
8. Matundu ya hewa mawili, nyuma ya miguu ya mwisho. Linganisha ukubwa na umbo.

Kwa aliyezoea, kupe mmoja huchukua dakika mbili. Mwanzoni utatumia kumi, na hakuna ubaya.

Kosa linalonichosha kuliko yote ni la kushoto na kulia. Daima ni kushoto kwa kupe, si kwako. Ukimtazama mgongoni kichwa kikiwa juu, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ukimgeuza tumbo, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako, kama mtu mliyesimama mkitazamana. Nusu ya ripoti ninazosomeshwa zina mguu uliopotea kulia kwenye picha ya kwanza na kushoto kwenye maelezo.

Hatua ya 8: Ondoa kwanza sababu za kawaida

Umeona kitu. Usishangilie bado. Pitisha kwenye chujio hili.

*Amekatika au alizaliwa hivyo?* Tazama koksa. Kama koksa ipo na mguu umeishia kwenye kipande chenye ncha iliyochanika au kovu jeusi, ni jeraha. Kama koksa yenyewe haipo, na nafasi yake ni ngozi laini au koksa za jirani zimesogea kuziba pengo, hiyo ni kasoro. Mguu uliotimia pingili zote lakini mdogo kuliko mwenzake wa upande wa pili: huenda uliota upya. Andika "mguu mdogo, huenda umeota upya" na uishie hapo.

*Mkia?* Madume ya *microplus* na ya kupe wa bluu yana kijimkia nyuma, na dume la kupe wa masikio akishanyonya hutoa kinundu chembamba hapohapo. Ni maumbile yao.

*Vichwa viwili, miguu kumi na sita?* Mara nyingi ni dume mdogo aliyejishika chini ya tumbo la jike, wanapandana. Wasukume kwa brashi watengane.

*Mwili umepinda upande mmoja?* Jike aliyeshiba ni kama puto. Akikandamizwa na kibano, akinyauka kwenye ethanoli au akilala kwenye kona ya kichupa, anabonyea. Upindo wa kweli utauona kwenye vitu vigumu: ngao, nafasi ya koksa, matundu ya hewa.

*Kupe mdogo mno?* Pima. Aliyekula kidogo akiwa nimfu hutoka mdogo. Ubilikimo unauandika pale ambapo viungo vyote vimekamilika, ni mpevu, na ukubwa wake uko mbali kabisa na wenzake wa aina ileile uliowapima mwenyewe.

*Miguu myekundu, miguu yenye pete nyeupe?* Ya kwanza ni *evertsi*, ya pili ni *Hyalomma*. Hizo ni sare zao.

*Tundu la duara mgongoni mwa nimfu aliyekufa?* Kuna nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya kupe na kutoboa wakitoka. Mhifadhi, anastahili kuonwa, ila katika daftari si kasoro ya maumbile.

Aliyebaki baada ya chujio hili ndiye wako.

Hatua ya 9: Ipe kasoro jina, uhesabu na wazima

Mwaka 1959 mtafiti wa Ufaransa, Campana-Rouget, alipanga kasoro za kupe katika makundi ambayo bado yanatumika. Kwa kazi yako ya mwanzo, gawa mafungu mawili.

Kasoro za mwili mzima: upande mmoja kutolingana na mwingine, ubilikimo, sehemu ya nyuma kugawanyika mara mbili, na kupe nusu dume nusu jike, anayeitwa ginandromofu. Huyu wa mwisho ni wa kushika kwa mikono miwili. Dume wa kawaida wa *Rhipicephalus* ana kromosomu 21 na jike 22. Kiinitete cha jike kikipoteza kromosomu moja ya jinsia katika seli moja mapema, seli zote zinazotokana nayo huenda njia ya kiume. Ukimtazama, ngao inafunika mgongo mzima upande mmoja na kuishia njiani upande wa pili, doa la vitundu kichwani ni moja tu, kibao cha tumboni kiko upande mmoja. Ukiona ishara moja peke yake, tafuta nyingine kabla hujatamka neno.

Kasoro za sehemu moja: mguu uliokosekana, mguu wa ziada, miguu miwili iliyoungana, mguu uliogawanyika, palpi iliyopinda, marinda yaliyoungana au kupungua, tundu la hewa au la haja lililohama mahali pake, ngao yenye pengo.

Jina likikushinda, eleza kwa maneno ya kawaida. "Koksa ya tatu na ya nne za kushoto zimeshikana, mguu mmoja unatoka" ni maelezo bora kuliko jina kubwa lililokosewa.

Sasa hesabu. Kupe mmoja mwenye kasoro anaeleza kitu pale tu tunapojua alikuwa miongoni mwa wangapi. Mmoja kati ya 40 na mmoja kati ya 4,000 ni habari mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana nilikuomba usichague. Andika: wamekaguliwa wangapi, wa aina gani, hatua gani, jinsia gani, wenye kasoro wangapi. Siku ambayo hukupata hata mmoja, andika sifuri. Ziko siku nyingi za sifuri, na zina thamani ileile.

Hatua ya 10: Piga picha

Angalau mbili, mgongo na tumbo, kichwa juu, karatasi ya grafu chini yake. Kisha picha ya karibu ya kasoro, na ya sehemu hiyohiyo upande wa pili ulio mzima. Mwanga utoke pembeni, upite kwanza kwenye karatasi nyeupe. Ngao inang'aa kama kioo na mwanga wa simu unafuta kila kitu. Angalia kamera yako haipindui picha kama kioo, kamera za mbele za simu nyingi hufanya hivyo. Andika herufi kwenye grafu kama kipimo: ikisomeka kinyume, umejua.

Hatua ya 11: Peleka kwa mtaalamu

Mpe kupe huyo kichupa chake mwenyewe na namba yake, lebo ya asili akienda nayo. Mweke pia dume na jike wazima watatu au wanne wa kundi lilelile kwenye kichupa cha pili, ili mtazamaji awe na cha kulinganisha. Hapa Dar kuna TVLA, maabara ya veterinari iliyopo Temeke, na idara ya zoolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Morogoro kuna SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Usimchome pini, usimkate, usimpake rangi ya kucha ili "apendeze".

Ukikwama

*Sioni koksa, miguu imejikunja.* Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni kwa saa chache, kisha fungua kila mguu kwa brashi mbili, kuanzia kwenye shina. Ukivuta kwa kucha utakata, na utakuwa umetengeneza kasoro yako mwenyewe.

*Kupe amekauka kwenye kiberiti.* Dawa ni ileile ya kulowekwa, ila mpe usiku kucha. Miguu ya kupe mkavu inavunjika ukipumua tu, kwa hiyo hesabu viungo kabla ya kumgusa. Chochote kitakachoanguka kiweke kwenye kichupa hichohicho.

*Ethanoli inakwisha kichupani.* Joto la Dar halina huruma, na kwenye gari lililofungwa ni balaa. Zungusha tepu ya fundi bomba kwenye uzi wa kifuniko, hifadhi kabatini, kagua kila mwezi.

*Kupe amekuwa mweusi.* Majike walioshiba hubadilika hivyo kwenye ethanoli. Rangi usiitegemee, umbo la viungo vigumu halibadiliki.

*Nimekagua mia tatu, sijapata kitu.* Ni kawaida kabisa. Angalia jambo moja: je, ulikuwa unageuza tumbo kila mara? Kasoro za koksa na matundu ya hewa hazionekani mgongoni. Chukua thelathini wa mwanzo, uliowakagua ukiwa bado mgeni, uwarudie.

*Nimepata wengi mno, kila kupe wa tano ana kasoro.* Rudi hatua ya 8. Kama wote wamekosa mguu uleule na kuna vipande vilivyochanika, wamekatwa na kibano. Kama wote wana "mkia", ni madume. Ikiwa wamepita chujio na bado wako wengi kutoka banda moja, piga simu maabara siku hiyohiyo, na umwombe mwenye banda asiogeshe mbwa mpaka waje, ilimradi mbwa hateseki.

*Sina uhakika wa aina.* Andika jenasi tu. *Rhipicephalus* bila jina la pili ni jibu halali.

*Nimeng'atwa.* Mtoe kwa kibano kama ulivyomtoa kwa mbwa, osha kwa sabuni, andika tarehe kwenye daftari. Ukipata homa, kichwa kikali au kidonda chenye kigaga cheusi ndani ya wiki mbili, nenda hospitali na utamke wazi kwamba uliumwa na kupe, maana wasipoambiwa watapima malaria na kuishia hapo. Kupe mwenyewe mtie kwenye kichupa chake, na kwenye nafasi ya mnyama uandike: mtu.